Kura Kabla ya Tingatinga

Machi 2015, wapigakura wa Littleton, mji wa jimbo la Colorado nchini Marekani, walipitisha marekebisho ya katiba ya mji yaliyoanzishwa kwa saini za wananchi: mpango wa kuendeleza upya eneo usitwae ardhi kwa nguvu wala kuchota kodi za eneo hilo bila wapigakura kuridhia kwa kura. Naamini walifanya sawa, na sababu imo kwenye hesabu. Tuseme jengo lililolipa kodi ya dola 10,000 limejengwa upya, sasa linalipa 50,000. Zile 40,000 za nyongeza zinaweza kugharimia mradi wenyewe hadi miaka 25, huku huduma za umma zikibeba watu walioongezeka kwa mapato yaleyale ya zamani. Anayebeba mzigo huo aulizwe.

Wapinzani husema kura huchelewesha miradi na kufukuza wawekezaji. Kuchelewa kupo, nakubali. Lakini kutwaa ardhi kwa nguvu hakuhakikishi kwamba mradi utafanikiwa: huko New London, Connecticut, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu mwaka 2005, majaji watano dhidi ya wanne, nyumba za watu zitwaliwe kupisha mradi. Nyumba zikaondolewa, mradi ukakwama, kiwanja kikaota majani miaka mingi. Tena Littleton haikuzuia ujenzi: anayejenga kwa fedha zake, kwenye ardhi aliyouziwa kwa hiari, hakuwekewa sharti la kura hiyo.