Tiketi ya ndege ya bei ndogo: tuhesabu safari nzima

Siku ya posho iliyopita, kisha kikao chetu, wamama watatu walinizunguka na swali moja. Wa kwanza anangojewa Ubelgiji, binti yake karibu atazaa. Wa pili anataka kwenda Guangzhou kutafuta bidhaa. Wa tatu hakusema anaenda wapi, na mimi sikumuuliza. Wote walitaka kujua: "Mwalimu, tiketi ya ndege ya bei ndogo inapatikana wapi?"

Mimi si mtu wa ajansi, wamama wapendwa. Ninafundisha mahesabu. Lakini jamaa yetu ilipita katika jambo hili mwaka uliopita, na masomo yake tuliyalipa kwa dola.

Mtoto wa mama yangu mdogo, kijana wa miaka 14, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Waganga wa hapa Lubumbashi walisema apelekwe India apasuliwe. Jamaa yote ilichanga, na likelemba ya mama mdogo ilikubali kumpa zamu yake mbele ya wakati. Visa zikatoka Kinshasa. Tukabaki na kazi moja: tiketi mbili, ya mama na ya mtoto, kwenda na kurudi.

Bei zilikuwa mbili. Ajansi moja ya mjini ilitaka dola 1180 kwa kila mtu, kutoka hapa Luano kupitia Addis Ababa mpaka Delhi. Kijana mmoja wa kartie, anayeuza tiketi kwa simu yake, alitaka 930, lakini kutokea Ndola, ng'ambo ya mpaka. Ni mimi niliyekamata kalamu. Tofauti ni 250, mara mbili ni 500. Dola 500 ni chakula na chumba cha kupanga karibu na hospitali. Nikasema tukamate ya Ndola. Mama mdogo aliniamini kwa sababu nilisoma.

Jambo ambalo sikuliona lilikuwa wazi mbele ya macho yangu: karatasi zilikuwa mbili kwa kila mtu. Moja ya kampuni fulani, kutoka Ndola mpaka mji mmoja wa Uarabuni. Nyingine ya kampuni tofauti kabisa, kutoka mji huo mpaka Delhi. Kampuni hizo mbili hazijuani. Mizigo haipiti yenyewe kutoka ndege ya kwanza kwenda ya pili. Msafiri anapaswa kutoka, kuichukua, na kuiandikisha upya. Na kutoka maana yake ni kuingia katika nchi ile. Pale Ndola, dada wa kwenye meza aliuliza: "Visa ya nchi ya katikati iko wapi?" Haikuwako. Hawakupanda.

Kijana wa simu alizima simu yake siku mbili, kisha akasema tiketi za namna ile hazirudishwi. Mama mdogo na mtoto wakalala Ndola, wakarudi kupitia Kitwe, Chingola na Kasumbalesa na mizigo yao yote. Alipofika aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, mahesabu yako ilikuwa ya wapi?"

Basi nilirudi kwenye daftari. Kwanza, hata kama wangepanda, ile 500 haikuwa 500. Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa ni karibu kilomita 90. Kuna gari, kuna malipo ya mpakani, kuna gari lingine mpaka Ndola, kuna usiku wa kulala, na yote hayo tena wakati wa kurudi. Kwetu sisi njia peke yake ilikula 190 kwa watu wawili. Sisemi Ndola ni mbaya. Kwa mtu wa Kasumbalesa anayeenda Johannesburg, pengine inafaa sana. Lakini bei ya tiketi lazima ianzie mlangoni kwako na kuishia mlangoni unakoenda. Wanaoruka kutoka Luano nao wasisahau Go-Pass, ile tozo ya uwanja inayolipwa pembeni ya tiketi. Ilipoanza mwaka 2009 ilikuwa dola 50 kwa safari ya nje. Ulizeni kiasi cha leo mbele ya siku ya safari.

Sasa niwaeleze bei zinavyokaa ndani ya ndege, maana hapo ndipo watu wengi wanafikiri ni bahati au uchawi. Viti vya nyuma vyote vinafanana, lakini kampuni inavigawa katika mafungu, na kila fungu lina herufi yake na bei yake. Fungu la bei ya chini lina viti vichache. Vikiisha, anayekuja anauziwa fungu linalofuata. Ndiyo maana jirani yako alilipa 900 na wewe unaambiwa 1150 kwa ndege ileile. Hapa kuna jambo dogo ambalo ajansi hazisemi kila mara: ukiomba viti vinne pamoja na fungu la chini limebaki na viti viwili, mara nyingi mashine inakupa wote wanne bei ya juu. Omba bei ya mtu mmoja kwanza, kisha ya wawili, kisha ya wanne. Ukiona bei ya mtu mmoja inapanda, mwambie agawanye tiketi. Ila mtoto asitengwe na mzazi wake katika vitabu vya kampuni bila wao kuambiwa kwamba wanasafiri pamoja.

Majira nayo yana nguvu. Mwezi wa 7 na wa 8, na kuanzia katikati ya mwezi wa 12 mpaka Mwaka Mpya, bei inapanda kwa sababu watu wa Ulaya nao wanatembea. (Sisi walimu tunapata likizo wakati uleule ambapo tiketi ni ghali. Sijui nani alipanga hivyo.) Mama wa Ubelgiji hawezi kumwambia mjukuu angoje mwezi wa 2, lakini anaweza kuuliza siku mbili mbele na siku mbili nyuma. Kuruka siku ya pili au ya tatu ya juma, badala ya siku ya tano au ya posho, mara nyingine kunapunguza bei vizuri. Na watoto: aliye chini ya miaka 2, akikaa mapajani, kwa safari za nje analipa mara nyingi sehemu ya kumi ya bei ya mkubwa. Kuanzia miaka 2 mpaka 11 kampuni nyingi zinapunguza kidogo tu. Wetu wa miaka 14 alihesabiwa mkubwa.

Kwa mama wa Guangzhou nina neno la pekee. Paspoti yetu ya Kongo iko katika orodha ya zile ambazo nchi zote za Schengen zinazidai visa ya kupita uwanjani, hata kama hutoki nje, hata kama unangoja masaa mawili tu kwenye kiti. Wanaosamehewa ni kama wale wenye visa halali ya Schengen yenyewe, ya Marekani, ya Kanada au ya Japani. Uingereza nayo inadai ya kwake. Kwa hiyo ukiona tiketi ya China inayopita Paris na imeshuka bei, iache. Pitia Addis Ababa au Nairobi. Kampuni za kule zinafika Guangzhou kwa tiketi moja.

Mama wa Ubelgiji naye anayo njia mbili. Anaweza kutoka hapa kupitia Addis Ababa mpaka Brussels, tiketi moja. Au kwenda Kinshasa kwanza, na kupanda pale ndege inayoenda moja kwa moja. Njia ya pili inaweza kuonekana rahisi, lakini ikiwa tiketi ya Lubumbashi–Kinshasa imenunuliwa peke yake, ni kosa letu lilelile limevaa nguo nyingine. Ndege ya ndani ikichelewa, ile ya Ulaya haitamngoja, na hakuna atakayemlipa. Ikiwa ni lazima, afike Kinshasa siku mbili mbele, na ahesabu chakula na taksi ya N'djili katika bei.

Jina. Sisi Wakongo tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo, na kila siku tunayageuza tunavyotaka. Kwenye tiketi hakuna kugeuza. Liandikwe sawa vile lilivyo ndani ya paspoti, herufi kwa herufi. "Mama fulani" wa kanisani hajulikani uwanjani. Kurekebisha herufi chache kampuni nyingine zinakubali. Kubadilisha jina zima ni kununua upya.

Kisha angalieni kama mlichopewa ni tiketi kweli. Karatasi yenye herufi na tarakimu sita ni nafasi iliyowekwa tu, na inaweza kufutwa kesho. Tiketi iliyolipwa ina namba ya tarakimu 13, na zile tatu za kwanza ni za kampuni: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Kabla ya kuondoka mbele ya anayeuza, pigia ofisi ya kampuni au fungua mtandao wao wenyewe, na utazame kama namba inatambulika. Muuzaji mwaminifu hachukii. Kwa ombi la visa, ubalozi mara nyingi unatosheka na nafasi iliyowekwa, kwa hiyo usilipe tiketi mbele ya visa kwa sababu tu mtu amekuambia bei itapanda kesho.

Kadi ya manjano nayo imewarudisha watu. Chanjo inahesabiwa kuanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 inadumu maisha yote. India inaweza kumfungia mtu anayetoka kwetu bila kadi mpaka siku 6. Tiketi ya haraka ya wiki moja mbele, hata ikiwa nusu bei, haimfai asiyechanjwa.

Mama mdogo na mtoto waliondoka majuma matatu baadaye, kutoka Luano, tiketi moja moja, namba ikianza na 071. Ilikuwa mwezi wa 7. Tulilipa 1340 kwa kila mtu, na nusu ya pesa hiyo niliikopa kwa jina langu. Zile tiketi za Ndola, tulidai kodi za uwanja, maana hizo mara nyingi zinarudishwa hata bei yenyewe ikipotea. Baada ya barua tano tulipata dola 124. Mtoto alipasuliwa, alirudi, na sasa yuko darasani. Anachukia mahesabu, lakini hilo tutalishughulikia.

Siku ya posho hii, kisha kikao, nitabaki na wale wamama watatu. Mlete paspoti yenyewe, si foto yake ndani ya simu, na bei mlizopewa ziwe zimeandikwa kwenye karatasi na jina la kila mji ndege inaposhuka.