Kamera Barabarani: Anayekataza Ndiye Aonyeshe Sheria

Katikati ya jiji la Nairobi, kamera ni chombo cha kazi kama mkokoteni ulivyo kwa mchukuzi wa sokoni. Wapo wanaowapiga picha wageni waliofika jijini kwa mara ya kwanza na kutaka kumbukumbu mbele ya jengo la mikutano la KICC. Wapo vijana wanaopiga picha za mitindo katika barabara ya Kimathi, na wapo wanaonasa maisha yenyewe yanavyopita: foleni ya matatu, muuza njugu, watu waliojibanza kwenye kibaraza mvua ikinyesha. Wote hao wanalijua swali moja ambalo polisi, au askari wa kaunti anayeitwa kanjo, huanza nalo: “Una kibali?” Swali hili limezoeleka kiasi kwamba hata wapiga picha wengi wanaamini kupiga picha hadharani ni jambo la kuombewa ruhusa. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo limewekwa kichwa chini miguu juu. Mahali pa umma, kupiga picha ni haki, na anayetaka kuizuia ndiye mwenye wajibu wa kutaja sheria inayomruhusu kufanya hivyo.

Msingi wa hoja hii umo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 33 inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na inafafanua kwamba ndani ya uhuru huo mna uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari au mawazo, pamoja na uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Katiba imesema “kila mtu”. Haikusema mwandishi wa habari mwenye kitambulisho shingoni. Kamera ni njia ya kutafuta habari na ni chombo cha sanaa, kwa hiyo aliyeishika amesimama ndani ya ibara hiyo hata kama ni mwanafunzi mwenye simu tu. Ibara ya 24 ndiyo inayojibu swali la kibali. Inasema haki haiwezi kupunguzwa ila kwa sheria, tena kwa kiwango kinachokubalika na kuhalalishika katika jamii huru ya kidemokrasia. Kisha inaongeza jambo ambalo wengi hulipita bila kulitia maanani: Serikali, au yeyote anayedai kwamba haki fulani ina mpaka, ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kuwa masharti hayo yametimizwa. Maana yake ni kwamba neno la askari peke yake si sheria. Sheria ni ile iliyoandikwa, inayoweza kutajwa kwa jina, na ambayo mtu angeweza kuijua kabla hajatoka nyumbani na kamera yake.

Haki hiyo ina mipaka, na mpiga picha makini hana budi kuijua. Kuna maeneo yaliyotangazwa na Serikali kuwa yenye ulinzi maalumu, na kuna sheria ya siri za Serikali inayohusu vituo vya kijeshi na mahali pengine nyeti. Huko kamera inaweza kumpeleka mtu mahakamani. Kuna pia mali ya mtu binafsi. Duka kubwa lenye maelfu ya wateja, benki, hoteli au kituo cha mafuta ni mahali ambapo umma huingia, lakini mwenyewe ana haki ya kuweka masharti, na mlinzi wake akikuambia usipige picha ndani, huna budi kutii au kutoka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani nayo inadai leseni kwa anayetengeneza filamu ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa. Msamiati wake ni wa sinema, na kuutumia dhidi ya mtu anayepiga picha mnato za wapita njia ni kuivuta sheria isikofika. Mwisho ni leseni ya biashara. Kaunti inaweza kumdai ada anayefanya biashara ya picha katika eneo lake, lakini inachotoza hapo ni uchuuzi, kama inavyomtoza muuza matunda. Tendo la kupiga picha halitozwi. Anayepita na kamera bila kumuuzia mtu chochote hana anachodaiwa. Mipaka hii yote ina sifa moja inayofanana: imeandikwa, na inahusu mahali au shughuli maalumu. Nje yake, barabara ni ya wote.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni usalama. Kenya si nchi ambayo neno ugaidi ni la kusomwa magazetini tu. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, na watu 67 wakauawa. Mtu anaweza kusema kwamba baada ya msiba huo, kumhoji kila anayeelekeza lenzi kwenye jengo ni tahadhari ndogo isiyomdhuru mtu. Bunge lenyewe lilifuata fikra za namna hiyo mwishoni mwa mwaka 2014 lilipopitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama. Miongoni mwa mengine, sheria hiyo ilifanya kuwa kosa kuchapisha picha za wahanga wa shambulio la kigaidi bila idhini ya polisi na ya mhanga, na picha za wafu au majeruhi zinazoweza kuleta hofu kwa umma. Adhabu ilifika faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3. Tarehe 23 Februari 2015 jopo la majaji watano wa Mahakama Kuu lilibatilisha vifungu vinane vya sheria hiyo, na hivyo vya picha vikiwa ndani yake. Majaji hawakupuuza ugaidi. Walichokataa ni maneno mapana yasiyo na ukingo, ambayo raia hawezi kujua yanaishia wapi na askari anaweza kuyanyoosha apendavyo. Ikiwa sheria iliyopitishwa na Bunge zima imeanguka kwa kukosa ukingo, amri ya askari mmoja pembeni mwa barabara, isiyo na sheria yoyote nyuma yake, itasimamia wapi?

Kuna ushahidi mwingine kwamba mamlaka mapana hayaleti usalama unaotarajiwa, na unatoka Uingereza. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000 ya nchi hiyo kiliwaruhusu polisi kumsimamisha na kumpekua mtu yeyote katika eneo lililoidhinishwa, bila kuhitaji sababu ya kumshuku. Jiji zima la London liliwekwa chini ya idhini hiyo, ikawa inahuishwa mfululizo kwa miaka. Wapiga picha wakawa miongoni mwa waliosimamishwa mara kwa mara, hata wakakusanyika kwa wingi katika uwanja wa Trafalgar mwezi Januari 2010 kudai kwamba wao si magaidi. Mwezi huo huo, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba mamlaka hayo yalikiuka haki ya faragha ya watu waliopekuliwa, kwa kuwa hayakuwa na kinga ya kutosha dhidi ya matumizi mabaya. Takwimu za Serikali ya Uingereza yenyewe za mwaka 2009/10 zilionyesha watu zaidi ya 100,000 waliosimamishwa chini ya kifungu hicho, na hakuna hata mmoja aliyekamatwa kwa kosa la ugaidi kutokana na upekuzi huo. Hebu fikiria saa za kazi ya polisi zilizokwenda humo. Askari anayemhoji kila mwenye kamera hana muda wa kumtazama mtu ambaye mwenendo wake kweli unatia shaka. Shaka ya haki ipo, na sheria inaitambua: mtu anayerudi siku baada ya siku kupiga picha za milango na kamera za ulinzi za jengo moja anastahili kuulizwa. Lakini hapo askari anajibu mwenendo, na anaweza kueleza ni mwenendo gani. Kuwa na kamera si mwenendo wa kushukiwa.

Pingamizi la pili linagusa moyo zaidi, nalo ni faragha. Mama anayeuza mboga, mtoto anayelala barabarani, mgonjwa anayeshushwa kwenye gari, hawa hawakuomba kupigwa picha. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni habari zake binafsi. Basi je, si kazi ya askari kumzuia mpiga picha? Jibu linategemea kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku: kupiga picha na kuitumia picha. Mtu aliyeko barabarani ameonekana tayari na kila mpita njia, na mwenye macho haambiwi tazama. Madhara makubwa ya faragha huja baadaye, picha inapogeuzwa tangazo la biashara, inapobandikwa maneno ya uongo, au inapomwanika mtoto. Huko sheria ina meno. Sheria hiyo ya mwaka 2019 inadai ridhaa kabla data za mtu hazijatumika kibiashara, na inataka idhini ya mzazi au mlezi panapohusika mtoto. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wakati huo huo sheria imeacha nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa pale ambapo kuna manufaa kwa umma. Kupima mambo hayo kunataka malalamiko, utetezi na uamuzi wa maandishi. Askari hawezi kuyapima kwa dakika moja kando ya barabara, tena picha ikiwa haijatumika popote.

Hata hivyo, kisichokatazwa na sheria si lazima kiwe chema. Mpiga picha anayemvizia maskini ili aivune dhiki yake, au anayeendelea kubonyeza baada ya mtu kujifunika uso, anaweza kuwa hana kosa mahakamani na bado amevunja utu. Anayeombwa na mtu wa kawaida aifute picha yake ana wajibu wa kimaadili kusikiliza, na mara nyingi kufuta. Lakini ombi la mwenye sura ni tofauti na amri ya mwenye bunduki. La kwanza ni mazungumzo kati ya raia wawili. La pili ni dola kutumia nguvu zake, na dola haina ruhusa ya kutumia nguvu bila sheria.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi mkono wa askari unapofika kwenye kamera. Askari anaweza kukuuliza unafanya nini, na jibu la adabu humaliza mengi. Hana mamlaka ya kukulazimisha ufute picha. Ibara ya 31 inamlinda mtu dhidi ya kupekuliwa na kunyang'anywa mali yake, na kwa kawaida upekuzi wa simu au kamera unahitaji hati kutoka mahakamani. Ikiwa askari anaamini picha hiyo ni kosa, basi picha ndiyo ushahidi wa kosa lenyewe, na kuharibu ushahidi ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Ikiwa si kosa, hakuna sababu ya kuifuta. Kwa njia zote mbili, amri ya kufuta haina pa kusimama. Anayekamatwa ana haki, chini ya Ibara ya 49, kuelezwa mara moja sababu ya kukamatwa na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Askari mwenye sare naye anatakiwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi awe na jina au nambari yake ya huduma mahali panapoonekana. Kwa hiyo yanayomfaa mpiga picha ni machache: asibishane kwa kelele, asishikane na mtu, aulize kwa upole ni sheria gani, asome jina au nambari, aandikishe tukio katika kitabu cha matukio (OB) kituoni, na malalamiko yake dhidi ya polisi ayapeleke kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi.

Pingamizi la mwisho ni kwamba kamera huwakwaza polisi wakiwa kazini. Ni kweli kwamba anayejipenyeza kati ya askari na mtuhumiwa anazuia kazi, na hilo ni kosa hata kama hana kamera. Anayesimama kando hazuii kitu. Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho huko Boston, Marekani, ililipima jambo hili mwaka 2011 katika kesi ya mtu aliyekamatwa mwaka 2007 kwa kuwarekodi polisi kwa simu wakimkamata mtu bustanini. Iliamua kwamba kuwarekodi maafisa wa umma wakitimiza kazi zao mahali pa umma ni haki iliyothibitika wazi, na jiji likamlipa dola 170,000. Hapa Nairobi tuna ushahidi wetu wenyewe. Tarehe 17 Juni 2025, kijana aliyekuwa akichuuza barakoa wakati wa maandamano alipigwa risasi kichwani kwa karibu. Kamera zilikuwepo. Alifariki karibu wiki mbili baadaye, na askari akafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Ingekuwa ni neno la askari dhidi ya neno la marehemu, nani angemsemea marehemu?

Polisi wana njia rahisi ya kuumaliza mvutano huu bila kungoja kesi nyingine. Watoe mwongozo wa maandishi, kwa Kiswahili, ubandikwe katika kila kituo, unaosema kwamba kupiga picha mahali pa umma hakuhitaji kibali, unaotaja maeneo yaliyokatazwa na sheria inayoyakataza, na unaopiga marufuku kufuta picha za raia. Kaunti nazo ziwaeleze kanjo tofauti ya uchuuzi na kupiga picha. Mpaka siku hiyo ifike, kila mwenye kamera na alijue jibu la swali analoulizwa, alitoe kwa heshima na bila woga: kibali changu ni Ibara ya 33, tafadhali, afande, nionyeshe sheria inayokikataa.