Mwaka wa Shida: Serikali Ifunge Mkono au Ifungue?

Mkulima wa Loitokitok, wewe huna haja ya kufundishwa maana ya akiba. Ukivuna, unajua kwamba kuna gunia la kula, gunia la kuuza, na mbegu ya maharagwe isiyoguswa hata nyumba ikipungukiwa. Na kama una ng'ombe, unajua kwamba fahali aliyenona ni fedha, na aliyekonda ni mzigo.

Lakini liko swali moja ambalo huleta ubishi kila mvua inapokosa: serikali nayo ifanye nini katika mwaka wa shida? Wengine husema ni lazima ibane matumizi, kwa kuwa mapato yake yamepungua. Wengine husema huo ndio wakati wa kutoa fedha, kwa kuwa watu wameumia. Tuwasikilize wote, kisha tupime.

NJIA TATU ZA ALIYEPUNGUKIWA

Kumbuka yaliyotokea mwaka wa 2024. Katika mwezi wa Juni serikali ilitaka kupata shilingi bilioni 346 zaidi kwa kodi mpya. Watu, hasa vijana, walikataa, na wako waliopoteza maisha yao katika maandamano. Tarehe 26 Juni Rais William Ruto alisema hatautia sahihi mswada ule wa fedha. Kodi haikuja, lakini pengo la bilioni 346 lilibaki pale pale. Tarehe 5 Julai alieleza jinsi alivyotaka kuliziba: kupunguza matumizi kwa bilioni 177, na kukopa bilioni 169.

Hapo unaona njia zote tatu za mwenye mji aliyepungukiwa. Ya kwanza ni kuwataka watu wa nyumbani watoe zaidi. Ya pili ni kupunguza matumizi. Ya tatu ni kukopa. Kila moja ina uchungu wake. Iko njia ya nne, lakini haipatikani siku ya shida: nayo ni kuwa uliweka akiba kabla.

MAHINDI YA NJANO

Wazee watakumbuka mwaka wa 1984. Mvua ndefu ilikosa, mashamba yakakauka, na nchi ikala mahindi ya njano. Wengi hawakuyapenda, lakini ni vema tujue yalivyopatikana. Serikali haikukaa kungoja misaada. Iliagiza mahindi kutoka nje mapema, na kuyalipia kwa fedha zake yenyewe. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu ilikuwa na fedha za kigeni, na bei ya chai duniani ilikuwa nzuri wakati ule. Mifugo wengi walikufa na shida ilikuwa kubwa, lakini Kenya haikuingia katika njaa ya kuua watu wengi kama ile iliyoipata Ethiopia mwaka uo huo.

Sasa linganisha na ukame wa miaka ya karibu. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, toka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Hata hivyo, katika kaunti kame mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa, na Kajiado haikusalimika. Huku kwetu Amboseli hata pundamilia na nyumbu walianguka. Nchi ilikuwa imetoka katika taabu ya Korona, na sehemu kubwa ya kodi ilikuwa ikienda kulipa madeni. Shida ilimkuta mwenye mji mfuko ukiwa mwepesi.

Nchi nyingine ya wafugaji, Botswana, ilianza katika miaka ya 1990 kuweka sehemu ya fedha za almasi katika mfuko uitwao Pula, neno ambalo kwa lugha yao lina maana ya mvua. Biashara ya almasi ilipoanguka mwaka wa 2009, serikali ile iliendelea na kazi zake kwa akiba pamoja na mkopo. Lakini akiba isiyojazwa tena hupungua, na kwa miaka hii almasi zilipokosa soko, Botswana nayo imeonja dhiki.

MAPEMA NI NUSU YA BEI

Basi, jibu ni lipi? Kufunga mkono na kufungua mkono si maadui. Kila moja lina wakati wake. Mwaka wa neema ni wa kufunga, na mwaka wa shida ni wa kufungua, tena mapema.

Tuseme fahali wako ana thamani ya shilingi 50,000 akiwa na nyama. Akikonda hata ashindwe kusimama, hutapata 10,000. Ukimwuza mapema, fedha zake zitanunua nyasi za kuwaokoa wenzake. Mambo ya serikali ni vivyo hivyo. Kununua ng'ombe wa wafugaji kabla hawajakonda, kuzoa matope bwawani, kutengeneza mfereji wa Kimana au wa Rombo usivujishe maji, yote hayo ni rahisi kuliko kununua chakula cha msaada baadaye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo, serikali inapobana, usiulize tu imebana kiasi gani. Uliza imebana nini. Kupunguza safari, karamu na magari hakumwui ng'ombe wa mtu. Kupunguza josho, chanjo na mfereji ni kula mbegu.

UNALOWEZA KUFANYA WEWE

Sheria ya fedha za umma ya mwaka wa 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende katika kazi za maendeleo, na mikopo itumiwe kwa kazi hizo, si kwa matumizi ya kila siku. Inaruhusu pia kaunti kuweka Mfuko wa Dharura. Makadirio ya kaunti hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo ni lazima wananchi waulizwe maoni yao.

Kwa hiyo mkutano wa bajeti ukiitwa katika wadi yako, ikiwa ni Kimana, Rombo, Kuku, Entonet/Lenkisim au Mbirikani/Eselenkei, usimwachie jirani. Nenda na maswali matatu. Mwaka huu tumeweka nini kwa ajili ya ukame ujao? Fedha tulizokopa zimejenga nini tunachoweza kukiona kwa macho? Na ikibidi kupunguza, mtaanza wapi?

Na ukirudi nyumbani, jiulize wewe mwenyewe maswali yayo hayo. Vitunguu vikipata bei nzuri, weka sehemu katika chama chako cha akiba kabla hujafika dukani. Nyasi zikiwa nyingi, kata na kukausha. Anayeweka akiba nyumbani kwake ana haki ya kuidai kwa wale wanaoshika fedha zake.