Neno la kwanza linapomezwa: hedifoni zinazokatika kwa wanaotumia programu ya kusoma skrini

Ni jioni. Mtu asiyeona anayeishi Munyaka, Eldoret, anajaza fomu ya kuomba kazi kwenye laptopu, na mwisho wa kutuma ni saa sita usiku. Anafika kwenye kisanduku cha kukubali masharti, anabonyeza kitufe cha nafasi, na kwenye hedifoni anasikia "checked". Anaendelea mbele akiwa ametulia. Kumbe kisanduku hicho kilikuwa na tiki tangu awali, na kubonyeza kumeiondoa. Programu ilisema "not checked", ila neno la kwanza halikufika masikioni. Fomu inakataa kwenda, naye hajui kosa liko wapi.

Anayesomewa kwa Kiswahili ana hatari hiyo hiyo, pengine kubwa zaidi, kwa sababu lugha yetu huweka ukanushi mwanzoni mwa neno. "Hakuna salio" ikikatwa silabi moja tu huwa "kuna salio". Wakazi wanaotumia sauti ya Kiswahili iliyomo ndani ya eSpeak NG, sauti inayokuja pamoja na programu ya NVDA, wanalijua jambo hili vizuri.

Ushauri wa haraka ambao wengi hupewa ni kuvua hedifoni na kutumia spika ya laptopu. Katika nyumba za kupanga zilizoshikana ukuta kwa ukuta, ushauri huo haufai. Programu ya kusoma skrini hutamka kila kitu: ujumbe wa M-Pesa, majibu ya hospitali, barua ya mwajiri. Kwa asiyeona, hedifoni ndiyo pazia la dirisha. Kwa hivyo ni afadhali zitengenezwe.

Programu zenyewe ni chache. NVDA, iliyoanza kutengenezwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure. JAWS hulipiwa. Narrator huja ndani ya Windows. Sauti inapokatika, watu hukimbilia kulaumu programu na kuiweka upya, jambo ambalo mara nyingi halisaidii. Afadhali kwanza kusikiliza sauti inakatika wapi: mwanzoni mwa maneno, katikati, au inapotea kabisa. Kila moja ina chanzo chake.

Kukatika mwanzoni ndiko kunakowasumbua wengi, na ndiko mafundi hukosa kukuona. Hedifoni nyingi za Bluetooth, na hata chombo cha sauti kilicho ndani ya laptopu, husinzia panapokuwa kimya ili kuokoa betri na kuzuia mvumo. Sauti mpya inapokuja, kifaa huchukua sehemu ya sekunde kuamka, wakati mwingine karibu sekunde nzima. Msikilizaji wa muziki hatambui, kwa sababu wimbo ukianza hauachi mpaka uishe. Programu ya kusoma skrini haifanyi hivyo. Hutamka neno moja, hunyamaza, hungoja kidole kiguse kitufe kingine, kisha hutamka tena. Kila kimya ni nafasi ya kusinzia, na kila neno linalofuata hulipa gharama ya kuamsha. Ndiyo maana fundi hupiga wimbo, husikia safi, akairudisha hedifoni na kusema ni nzima. Kwa matumizi yake, amesema kweli.

Kuna jaribio jepesi kwa anayetumia NVDA. Aache kugusa chochote kwa dakika moja na nusu hivi, kisha abonyeze kitufe cha NVDA, ambacho kwa kawaida ni Insert, pamoja na F12, ili asomewe saa. Ahesabu hadi tatu, abonyeze tena. Ikiwa mara ya kwanza mwanzo umekatwa na mara ya pili saa imesomwa yote, tatizo ni usingizi wa kifaa. Redio wala waya hazihusiki.

Dawa yake ya kwanza ni kusasisha NVDA. Matoleo ya karibuni huendelea kukiweka kifaa cha sauti macho kwa muda baada ya maneno kuisha, na muda huo unaweza kuongezwa katika mipangilio ya programu. Laptopu kuukuu zenye Windows 7, ambazo bado zinauzwa na kutumika, haziwezi kupokea matoleo hayo. La mwisho kwao ni 2023.3.4. Hapo kuna njia ya kienyeji inayofanya kazi kwa programu yoyote: kucheza faili ndefu ya sauti hafifu sana, kwa mfano mvua inayonyesha, ijirudie nyuma ya kila kitu. Maadamu kuna kitu kinachosikika, hata kwa mbali, hedifoni hazilali. Betri itaisha mapema kidogo, lakini "not" haitapotea.

Inafaa pia kuzima ruhusa ya Windows ya kukata umeme kwenye chombo cha Bluetooth. Mtumiaji abonyeze kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M, atafute sehemu ya Bluetooth, na juu ya jina la chombo abonyeze Alt na Enter. Kwenye ukurasa unaosomwa "Power Management" aondoe tiki kwenye kisanduku kinachoruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho. Baadhi ya laptopu hazina ukurasa huo, na hilo si hitilafu. Hatua hii moja ifanywe kwa spika ya laptopu, mchana, jirani akiwa kazini, kwa kuwa mtu hawezi kukiamini kisanduku cha tiki kupitia hedifoni zile zile zinazomeza maneno.

Sauti inayokwaruza au kurukaruka katikati ya sentensi ni habari nyingine. Bluetooth husafiri kwenye masafa ya 2.4 GHz, yale yale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi za majumbani. Ploti yenye wapangaji kumi, kila mmoja na ruta yake, ina msongamano hewani kama stendi ya matatu asubuhi. Mwili wa binadamu nao huzuia mawimbi hayo, kwa hiyo laptopu iliyowekwa sakafuni nyuma ya kiti hukatika kuliko iliyo mezani mbele ya msikilizaji. Diski au flashi ya USB 3 iliyochomekwa karibu na kipokezi kidogo cha Bluetooth pia hutoa kelele kwenye masafa hayo. Kuitoa au kuisogeza kwa waya wa nyongeza hutosha. Mwenye ruta inayotoa 5 GHz aihamishie laptopu huko, aiachie Bluetooth nafasi. Kabla ya yote hayo, betri ya hedifoni ichajiwe ijae.

Ikiwa hedifoni ya waya nayo inakatika katikati, hewa haina lawama. Aidha laptopu imelemewa na kurasa nyingi zilizofunguliwa, aidha waya umekatika ndani, kwa kawaida karibu na kichwa cha kuchomeka. Akiupinda polepole huku sauti ikiendelea, mtumiaji atapasikia mahali penyewe. Vumbi la kiangazi hujaza tundu la kuchomeka pia, na kijiti cha mbao kikavu hulisafisha, laptopu ikiwa imezimwa. Sindano isitumike.

Sauti kupotea kabisa ndiko kunakotisha, maana asiyeona hubaki gizani mara mbili. La kwanza ni kuzima hedifoni za Bluetooth au kuchomoa za waya. Mara nyingi sauti hurudi kwenye spika. Isiporudi, Control, Alt na N kwa pamoja huianzisha NVDA upya, na kitufe cha Windows pamoja na Control na Enter huiita Narrator. Funguo hizi zikaririwe siku ambayo kila kitu ni kizima.

Chanzo mara nyingi huwa ni simu. Hedifoni iliyowahi kuunganishwa na simu huvutwa huko kunapopigwa, au hujiunga na simu kabla laptopu haijawaka. Mkutano wa mtandaoni huleta jambo la aina hiyo: maikrofoni ya hedifoni ikifunguliwa, Bluetooth hushuka kwenye ubora wa simu ya zamani, na msomaji wa skrini husikika kama yuko ndani ya debe. Suluhisho ni kuchagua maikrofoni ya laptopu kwa mkutano na kuziacha hedifoni zisikilize tu. Katika NVDA, kitufe cha NVDA pamoja na Control na U hufungua mipangilio ya sauti, na hapo mtumiaji anaweza kuhakikisha kifaa kilichochaguliwa ni kile anachokivaa.

Kwa mkazi ambaye vifaa vyake vimechakaa kupita kutengenezwa, Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kukabiliana na vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husaidia katika vifaa saidizi kupitia hazina yake, na jambo la kwanza kwa mwombaji ni kujisajili na Baraza hilo.

Anayenunua mwenyewe aende dukani na laptopu yake. Asikubali kujaribiwa hedifoni kwa wimbo. Aiwashe programu yake ya kusoma skrini, anyamaze dakika moja na nusu muuzaji akingoja, kisha aulize saa. Hedifoni za waya za bei ya chini hushinda jaribio hili mara nyingi kuliko zile za Bluetooth za bei kubwa, na muuzaji asishangae mteja akirudisha zile zinazong'aa na kuondoka na za waya.