Istilahi za Ufugaji wa Vunjajungu: Neno "Adimu" na Mipaka Yake

Vunjajungu ni mdudu anayefahamika kwa wengi, na jina lake limetokana na imani ya zamani kwamba amgusaye hukivunja chombo atakachokishika baadaye. Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaomfuga majumbani kwa kujifurahisha, na mmojawapo wa wale wanaotafutwa sana ni *Idolomantis diabolica*, ambaye makao yake ya asili ni Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwamo. Kwa hiyo si ajabu mfasiri au mtumishi wa serikali kuletewa maandishi yahusuyo ufugaji huu. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zitakazomfaa.

Kwanza, shughuli yenyewe. Baadhi ya wafasiri hutumia neno "uraibu". Lakini neno hilo siku hizi limezoeleka katika habari za dawa za kulevya, hivyo tunaona "ufugaji wa kujifurahisha" ni bora, kwani halimtii mfugaji doa.

Pili, makuzi ya mdudu. Jike hutaga mayai mengi ndani ya povu ambalo hukauka na kuwa gumu. Hicho tukiite "kifuko cha mayai", wala si "yai". Anayeanguliwa humo tumwite "tunutu", kama aitwavyo mtoto wa nzige, kwa sababu hufanana na wazazi wake ila hana mabawa. "Buu" halifai, maana vunjajungu hapiti katika hatua ya pupa kama kipepeo. Tunutu hukua kwa "kujivua gamba" mara kadhaa, akining'inia kichwa chini; chombo kikiwa kifupi huanguka, akalemaa au akafa.

Tatu, "kufuga" na "kuzalisha" si mamoja. Mtu aweza kumfuga vunjajungu mmoja hadi afe bila ya kupata kizazi. Chukua *Hymenopus coronatus* wa Asia ya Kusini-Mashariki, anayefanana na ua: dume ni mdogo sana kuliko jike, naye hupevuka mapema. Waliotoka katika kifuko kimoja wasipoangaliwa, madume huweza kufa kabla majike hayajapevuka. Mzalishaji hana budi kuwachelewesha madume kwa ubaridi kiasi na chakula kidogo, na kumshibisha jike kabla ya kuwakutanisha, asije akamla mwenzake.

Sasa tufikie neno "adimu", ambalo ndilo lenye utata zaidi. Mfanyabiashara hulitumia kwa mdudu asiyepatikana kwa urahisi kwa wafugaji, hata kama porini ni wengi. Mwanasayansi hulitumia kwa spishi yenye idadi ndogo katika mazingira yake. Mwanasheria naye huweza kulisoma kama "iliyo hatarini kutoweka", jambo ambalo huhitaji uthibitisho wa kitaalamu. Tunashauri "adimu" liachiwe maana ya pili. Ya kwanza isemwe wazi kuwa "haipatikani kwa urahisi kwa wafugaji". Na ya tatu isitumiwe pasipo uthibitisho huo.

Kadhalika, kila hati ieleze asili ya mdudu: "aliyekamatwa porini" au "aliyezalishwa na mfugaji". Mwaka 2016 Tanzania ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, zuio hilo liliwagusa pia wanakijiji wa Amani, katika Usambara Mashariki, waliokuwa wakizalisha vipepeo na kuwauza ng'ambo. Hatudai kwamba istilahi pekee ingebadili uamuzi huo. Lakini sheria haiwezi kutofautisha kile ambacho lugha yake imekichanganya, na mwenye kuumia ni yule ambaye riziki yake imo katika tofauti hiyo. Yafaa, basi, mfasiri aulize asili ya mdudu kabla ya kuandika neno moja.