Manifoldi Inayovuja na Mshahara wa Dereva



Mwenzetu mmoja wa barabara ya Mombasa hadi Kampala alifika ofisini kwetu akiwa na karatasi ya mshahara mkononi. Alikuwa amekatwa fedha kwa safari tatu mfululizo, na sababu iliyoandikwa ilikuwa "upungufu wa mafuta". Tajiri wake alidai kwamba dizeli inauzwa njiani. Dereva alikana, lakini hakuwa na ushahidi ila neno lake tu.

Tulimwomba fundi mmoja wa tawi letu alitazame lile lori. Fundi hakuanzia kwenye tangi. Alifungua boneti, akapitisha kidole chini ya kifuniko cha manifoldi ya hewa. Kidole kilitoka kimejaa masizi na mafuta. Gasketi ilikuwa imepasuka, na hewa ya tabo ilikuwa inapotea hapo kila lori lilipopanda mlima. Kifuniko chenyewe hakikuwa cha asili. Kilinunuliwa dukani kwa bei nafuu na kufungwa kwa haraka.

Kwa sababu hiyo tumeona tueleze jambo hili kwa urefu. Si la mafundi peke yao.

Kazi ya plenamu

Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa safi kwa nguvu kuelekea kwenye silinda. Kabla ya kuingia, hewa hiyo hukusanyika katika chemba moja ambayo mafundi huiita plenamu, kisha hugawanywa kwa kila silinda. Chemba ikivuja, hewa hupungua na dizeli haiungui yote. Moshi huwa mweusi, ekzosi hupata moto kupita kiasi, lori hukosa nguvu, na dereva hulazimika kushuka gia na kukanyaga zaidi.

Barabara yetu huonyesha ubovu huo upesi. Lori huanza Mombasa kwenye usawa wa bahari, na likifika Timboroa liko zaidi ya mita 2,700 juu. Huko hewa ni nyepesi kwa karibu robo. Tabo ndiyo inayofidia upungufu huo. Ikivuja, mzigo wote humwangukia dereva na tangi lake.

Kuchagua

Tuchukue mfano wa injini ya Cummins ya silinda sita, lita 5.9, iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1980. Iliwekwa katika malori madogo ya Dodge huko Marekani kuanzia mwaka 1989, na pia katika malori ya Dongfeng ya China. Katika injini hii manifoldi ya hewa imeungana na silinda hedi yenyewe, na upande wake wa wazi hufunikwa kwa bamba lenye gasketi. Bamba hilo ndilo ambalo maduka huuza la namna nyingine, pana zaidi au lenye mdomo mkubwa.

Ukipelekwa dukani kununua, usitazame rangi wala mng'aro. Tazama mambo manne.

Kwanza, uso wa kukalia gasketi. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, kwa urefu na kwa mshazari. Ukiona mwanga chini ya rula, bamba limepinda, lirudishe. Mabamba ya kuchomelea hupinda kwa urahisi kuliko yale ya kumwagwa.

Pili, ndani yake. Pitisha kidole kwenye maungio. Chembe za kuchomelea zikibandukia ndani ya silinda, hasara yake ni injini nzima.

Tatu, matundu. Linganisha na bamba la zamani, tundu kwa tundu. Usisahau tundu la kale kabomba kadogo kanakopeleka nguvu ya hewa kwenye pampu ya dizeli. Kabomba hako kasipofungwa, pampu haijui kwamba tabo inafanya kazi, nalo lori litakuwa zito siku zote.

Nne, hita ya hewa. Injini nyingi za nchi za baridi huwa na hita chini ya mdomo wa manifoldi, yenye gasketi juu na chini. Ukiiondoa, hakikisha urefu wa bolti na idadi ya gasketi vinalingana na ulichobakiza.

Kuziba

Kosa kubwa tunaloliona gereji ni kumimina silikoni nyingi. Inayozidi hujikunja ndani, hukauka, hukatika, kisha hufuata hewa hadi kwenye valvu. Gasketi mpya juu ya uso safi na ulionyooka ndiyo kinga ya kwanza. Kama kitabu cha injini kinataka gundi, paka utando mwembamba tu, na uache ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

Kabla ya kukwangua gasketi ya zamani, ziba njia za hewa kwa matambara safi, na uyahesabu. Kwangua kwa mkono. Usitumie grainda wala msasa wa mashine, kwa maana unga wake ni mawe matupu na husaga ringi na beringi. Ukimaliza, nyonya uchafu, toa matambara, na uhesabu tena.

Bolti safisha nyuzi zake. Bolti inayopenya hadi kwenye njia ya hewa ipakwe dawa ya kuziba nyuzi. Anza kukaza katikati ukielekea pembeni, kwa mizunguko miwili au mitatu, kwa spana ya kupimia. Kwa injini tuliyoitaja kipimo ni nyutoni-mita 24, yaani futi-pauni 18. Kwa injini nyingine fuata kitabu chake.

Kupima

Ziba mdomo wa tabo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, legeza kifuniko cha kutilia oili, kisha jaza hewa taratibu isizidi pauni 15. Usifungulie kompresa yote, na usisimame mbele ya kizibo, kikiruka kinaumiza. Paka maji ya sabuni kwenye maungio yote. Povu likitokea, hapo ndipo panapovuja. Kagua pia mpira ulio kati ya filta na tabo kwa macho na kwa mkono, kwani ukipasuka hapo injini huvuta vumbi.

Haki yetu

Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi, na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi, na mfanyakazi aelezwe masharti hayo. Kudhani tu kwamba dereva ameuza mafuta hakumo humo.

Basi tunawaomba wenzetu: dereva aandike ubovu wa lori kila safari, nakala mbili, moja abaki nayo mwenyewe. Fundi atie sahihi alichofunga, na adai spana ya kupimia na gasketi halali, maana akikosa vifaa lawama itamrudia yeye. Na wawakilishi wa matawi wadai kwamba lori lipimwe kabla ya dereva kukatwa hata senti moja.

Lori la mwenzetu lilipimwa kwa maji ya sabuni mbele ya msimamizi wake, na povu wote waliliona. Fedha za safari ya mwisho amerudishiwa. Za safari mbili za kwanza bado tunazidai, na hatutaziacha.