Pera na Padre: Majina Mawili, Asili Mbili

Ni watoto wachache katika Uganda ambao hawajapata kuparamia mpera, wakitafuta tunda lililoiva kabla ndege hawajalitoboa. Lakini jina la tunda hilo lina mtego ndani yake.

Kwa Luganda matunda hayo huitwa mapeera, na Mapeera ndilo jina ambalo Waganda walimpa Padre Siméon Lourdel, Mfaransa wa Shirika la Mapadre Weupe, aliyefika Entebbe tarehe 17 Februari 1879 pamoja na Bruda Amans. Kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba padre aliitwa kwa jina la tunda, au tunda kwa jina la padre. Yote mawili si kweli.

Jina la padre latokana na maneno ya Kifaransa “mon père”, yaani “baba yangu”, ambayo Wafaransa humwitia padre kwa heshima.

Jina la tunda lilikuja kwa njia ya bahari. Asili ya mpera ni nchi za joto za Amerika. Wareno, ambao walikuwa na nguvu katika pwani yetu ya Afrika Mashariki tangu karne ya 16 hadi walipofukuzwa Mombasa mwaka 1698, walikuwa na neno “pera” kwa tunda jingine kabisa, la nchi za baridi, ambalo siku hizi kwa Kiswahili huitwa pea. Matunda hayo mawili hufanana kwa umbo: nene chini, jembamba karibu na kikonyo. Basi mgeni akaitwa kwa jina la mwenziwe. Ushahidi uko ng’ambo ya bahari, katika Bara Hindi, ambako Wareno nao walijenga ngome: Wamarathi huliita peru, na Wabengali peyara.

Neno hilo lina ndugu ambao askari na polisi huwataja kila siku. Bendera ni neno la Wareno. Na gereza pia, ingawa kwao lilikuwa na maana ya kanisa.

Akina mama wasilidharau pera kwa kuwa huokotwa uani bila gharama. Vitamini C iliyomo hupita ile ya chungwa zaidi ya mara mbili. Lioshwe vizuri, kisha liliwe bichi pamoja na ganda lake, kwa maana moto huipunguza vitamini hiyo.